Tumbo la Mfungwa ni Amana ya Nani?

Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, hakuna kilichotukanwa na wenye hekima kuliko tumbo. Jicho limesifiwa kwa kuona, ulimi kwa kunena, mkono kwa kutenda, na moyo umefanywa makao ya imani na mapenzi. Lakini tumbo limeitwa adui wa ibada, chimbuko la tamaa na mlango wa fedheha, na aghalabu mtu atakaye kumdhalilisha mwenziwe humwambia kuwa anafuata tumbo lake. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1111, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake cha Ihya kwa ajili ya kuvunja matamanio mawili, la tumbo likiwa la kwanza. Na Mtume Paulo naye aliwaonya Wafilipi juu ya watu waliolifanya tumbo kuwa mungu wao. Sina nia ya kushindana na wazee hawa, kwa kuwa ulafi ni maradhi ya kweli ya nafsi. Lakini lawama zao ziliwaelekea watu walio huru, wenye chakula mbele yao na mkono wa kukifikia. Nataka kuuliza juu ya mtu wa namna nyingine: yule aliyefungiwa nyuma ya ukuta, asiyeweza kwenda sokoni, wala shambani, wala ziwani, wala kubisha hodi kwa jirani. Tumbo la mtu huyo ni amana ya nani?

Swali hili lina makao yake, nayo ni Luzira. Kitongoji hiki cha jiji la Kampala kimekaa upande wa kusini-mashariki, kando ya Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria, na mambo matatu yamekipa jina katika Uganda nzima. La kwanza ni bandari ya Port Bell, iliyoitwa kwa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa gavana mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambayo kwa miongo mingi imepokea shehena za meli zitokazo Mwanza na Kisumu. La pili ni kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1946, ambamo nafaka hulowekwa, huchemshwa na kuchachuliwa. La tatu ni gereza, lenye ulinzi mkali kupita yote nchini, pamoja na sehemu yake ya juu ya waliohukumiwa adhabu kubwa, sehemu ya wanawake, na sehemu nyinginezo zilizolizunguka. Katika ardhi ya gereza hilo, mwaka 1929, vilifukuliwa vipande vya sanamu ya udongo pamoja na vigae vya watu wa kale, na kichwa cha sanamu hiyo kimehifadhiwa katika British Museum huko London. Kwa hiyo twajua kwamba watu waliishi na kufinyanga vyombo vyao mahali hapo karne nyingi kabla ya ukuta wa kwanza kusimamishwa. Leo nafaka ina njia mbili za kupita Luzira: moja huipeleka katika mapipa ya kiwanda, ikatoka kuwa starehe ya walio huru, na ya pili huipeleka katika masufuria ya gereza, ikatoka kuwa uji wa asubuhi na posho ya mchana, ile ambayo watu wa pwani huiita ugali, pamoja na maharage.

Ili kulijibu swali letu kwa insafu, yatupasa kwanza kulijua tumbo lenyewe lilivyoumbwa, maana hakuna awezaye kusema amana ni ya nani kabla hajajua ni amana ya kitu gani. Mfuko wa tumbo umelala upande wa juu kushoto wa fumbatio, chini ya kiwambo kinachotenga kifua, ini likiufunika kwa sehemu upande wa kulia, wengu ukiwa ubavuni mwake kushoto, na kongosho likiwa limejinyoosha nyuma yake. Umbo lake hukaribia herufi J, ijapokuwa hubadilika kwa kimo cha mtu, kwa kusimama na kulala, na kwa kushiba na kuona njaa. Juu huupokea umio, ambao umeshuka kifuani ukapenya kiwambo. Chini huishia katika utumbo mwembamba. Ukuta wake una tabaka nne, na tabaka ya misuli peke yake imesukwa mara tatu, nyuzi za kwanza zikienda kwa urefu, za pili zikizunguka, na za tatu zikipita kwa mshazari, ili mfuko uweze kukaza, kupinda na kusaga kwa pamoja. Ukiwa mtupu, ngozi yake ya ndani hukunjamana, na nafasi iliyomo haifiki hata desilita moja. Ukipokea chakula, mikunjo hiyo hufunguka taratibu, nao hubeba lita moja au lita moja na nusu bila ya mwenyewe kuhisi kwamba kitu kimelazimishwa.

Katika ukuta huo mna visima vidogo visivyohesabika vitoavyo asidi ya haidrokloriki, kali kiasi cha kuua vijidudu vingi viingiavyo na tonge, na kiasi cha kulainisha nyama hata ikaachana. Seli nyingine hutoa kimeng'enya cha pepsini, ambacho hutolewa kikiwa hakina nguvu, kisha kikazinduliwa na asidi kikiwa tayari kimo ndani ya mfuko, kwa maana kingezaliwa na nguvu zake kingeziunguza seli zile zile zilizokizaa. Na ili asidi isiule mfuko wenyewe, ngozi ya ndani hujifunika kwa ute mzito, na seli za juu hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, hata mtu wa makamo amekuwa na ngozi mpya ya tumbo mara nyingi kuliko alivyokuwa na nguo. Mwisho wa mfuko pana mzingo wa misuli ambao kazi yake ni ya bawabu: hufungua mlango kidogo, huruhusu kile kilichosagwa hata kikawa rojo, na huyarudisha mapande makubwa yakasagwe tena, kwa hivyo maji hupita upesi, wanga hufuata, mafuta huchelewa, na mlo wa kawaida humaliza saa nne hivi kabla mfuko haujarudi katika utupu wake.

Mfuko unapokuwa mtupu haukai kimya. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili hupitiwa na mawimbi ya kukaza yanayofagia mabaki, nayo husababisha ile ngurumo tunayoisikia tukiwa na njaa. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao, walitangaza kwamba tumbo lenyewe hutia katika damu homoni iitwayo ghrelini, ambayo huenda hata kwenye ubongo kuuambia kwamba wakati wa kula umefika. Hivyo njaa ni ujumbe unaotumwa kwa neva na kwa damu kutoka katika kiungo hiki hadi makao ya fikira, na akili ya mtu, awe mwema au mwovu, hailali mpaka ujumbe huo umejibiwa.

Lakini jambo ambalo watukanaji wa tumbo hawakulijua, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni hili: kiungo hiki kilichoitwa chenye tamaa hakijinufaishi, ila kwa uchache mno, na kile kinachokipika. Maji kidogo, pombe kiasi, na baadhi ya dawa ndivyo vinavyoweza kunyonywa katika ukuta wake. Vyakula vyenyewe, wanga na protini na mafuta, hunyonywa mbele, katika utumbo mwembamba, vikaingia katika damu na kugawiwa mwili mzima. Tumbo hupata riziki yake kwa njia ya mishipa itokayo katika mshipa mkuu wa damu, sawa na kidole cha mguu kinavyopata. Linapokea mzigo wote, linaukanda wote, linaukabidhi wote, kisha linangoja fungu lake pamoja na viungo vingine. Wala haliweki akiba, kwa kuwa baada ya saa chache limekuwa tupu. Tumbo halina mkono wa kujitafutia wala ghala la kujihifadhia, na uhai wake wa kesho umo katika uwezo wa kiungo kingine, yaani mkono, na mkono nao umo katika uhuru wa mtu kwenda na kurudi.

Namna watu walivyojifunza mambo haya inalihusu swali letu zaidi ya inavyodhaniwa. Mnamo Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja maskini mwenye asili ya Kanada, Alexis St. Martin, alipigwa kwa bahati mbaya na risasi ya bunduki iliyomfungua ubavu hata tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimwuguza, naye akapona, ila tundu halikuziba. Na kwa miaka kadhaa daktari yule alitumbukiza nyama na mkate katika tundu hilo kwa uzi, akachota maji ya tumbo, na kuandika aliyoyaona, hata mwaka 1833 alipotoa kitabu kilichofundisha ulimwengu kwamba chakula huyeyushwa na maji hayo. Aliona pia kwamba mgonjwa wake alipokasirika au kuhofu, ngozi ya tumbo ilibadilika na kazi ya kusaga ikaharibika. Sayansi ina deni kubwa kwa tumbo la St. Martin, ambaye alitia saini mkataba wa kulikodisha tumbo lake kwa sababu ya uhitaji, na alipofariki mwaka 1880 jamaa zake waliuacha mwili uoze kabla ya kuuzika, ili pasipatikane daktari wa kuja kuutwaa. Watu wale, ambao hawakuwa wanafalsafa, walikuwa wamefahamu kwamba tumbo la mtu haligeuki kuwa mali ya mwingine, ijapokuwa huyo mwingine amelilisha na amelitazama kwa ndani.

Sasa turudi kwa mfungwa. Dola ikimfunga mtu imeufunga mkono wake, lakini haikulifunga tumbo, kwa sababu tumbo halifungiki. Mawimbi yake yatapita kila saa yake, na homoni yake itapanda kichwani alfajiri na adhuhuri, kana kwamba hakuna hukumu iliyosomwa. Basi ile kazi ya mkono haikufutika, bali imehamia kwa aliyeufunga. Huyu ndiye aliyejifanya mkono wa mfungwa, na kila tonge analolitoa ni amana anayoirejesha, si hisani anayoitenda. Hili ndilo jibu langu, na ushahidi wake ni mwingi katika dini zote mbili zilizoenea katika Uganda.

Imepokewa katika hadithi sahihi habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia ndani mpaka akafa, hakumlisha alipomfungia, wala hakumwacha aende kujitafutia wadudu wa ardhini. Zingatia, msomaji, mahali kosa lilipowekwa. Mwanamke yule hakuwa na faradhi ya kuwalisha paka wote wa mjini, na lau angaliuacha mlango wazi asingalidaiwa kitu. Dhima ilimwangukia pale alipoufunga mlango. Kama hivyo ndivyo kwa paka, sembuse mwana wa Adamu! Na Kurani, katika Sura ya Insan, inapowataja watu wema inawataja kuwa huwalisha maskini, yatima na mateka, kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu, bila ya kutaka malipo wala shukrani. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, Abu Aziz bin Umayr, aliyetekwa upande wa Makureshi, alisimulia kwamba Waislamu waliomteka walimpa mkate, uliokuwa chakula cha thamani, nao wenyewe wakala tende, hata akaona haya.

Nimeipenda zaidi habari ya Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 798, kwa kuwa yeye hakuishia katika mawaidha. Katika Kitab al-Kharaj alimshauri khalifa kwamba wafungwa wasio na mali wapewe riziki yao katika hazina ya umma, wavikwe nguo za baridi na za joto, wala wasitolewe nje na minyororo yao kuombaomba kwa watu. Akashauri kadhalika kwamba riziki hiyo ihesabiwe kwa fedha kila mwezi, akichelea kwamba mkate ukipelekwa gerezani utaliwa na walinzi kabla haujamfikia mwenyewe. Miaka zaidi ya elfu na mia mbili imepita, na hadhari hiyo ingali inafaa kubandikwa katika jiko la kila gereza, kwa kuwa kati ya ghala na sahani ya mfungwa ndipo khiyana inapopenda kukaa.

Wakristo nao hawakuachwa bila ya ushahidi. Nabii Yeremia alipokuwa kifungoni, Mfalme Sedekia aliagiza apewe mkate kila siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mkate ulipokwisha katika mji wote. Yaani mfungwa alishiriki chakula cha mji, akala mji ulipokula, akakosa mji ulipokosa. Na katika Injili ya Mathayo, pale Yesu anapoieleza siku ya hukumu, mwenye njaa na aliye kifungoni wametajwa pamoja miongoni mwa wale ambao Mfalme anajihesabu kuwa yu ndani yao, hata aliyewalisha au kuwazuru amemlisha na kumzuru Yeye. Padri na imamu wa Luzira wanaweza kutofautiana katika mengi ya itikadi, lakini mmoja akihubiri jambo hili, mwenziwe ataitikia amina.

Sheria za mataifa zimekuja baadaye kusema yale yale kwa lugha ya makatibu. Mwezi wa Septemba 1996, mjini Kampala penyewe, wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika walitoa Azimio la Kampala juu ya hali za magereza, wakikiri kwamba mfungwa hubaki na haki zake zote ila zile ambazo kifungo chenyewe kimeziondoa. Na tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela, ambaye alikula chakula cha gerezani kwa miaka 27. Kanuni ya 22 yadai chakula chenye kutosha afya na nguvu, kwa saa za kawaida, na maji ya kunywa kila yanapohitajika. Na kanuni ya 43 yakataza kupunguza chakula au maji kuwa adhabu. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayazidi maana ya habari ya paka.

Najua kuna neno litakaloletwa dhidi yangu, nalo lina nguvu zake. Watu watasema: nje ya ukuta wa Luzira kuna mjane anayelala na njaa, ambaye hakumuibia mtu wala kumwua mtu, vipi basi kodi yake imlishe aliyemwua mumewe? Najibu kwanza kwamba mjane huyo ana haki kubwa, na dola inayomsahau ina hesabu yake ya kutoa. Lakini haki yake haitimizwi kwa kumpunguzia mwingine, kwani njaa ya mfungwa haimpikii mjane chungu. Najibu pili kwamba si wote waliomo ni wenye hatia: kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo katika magereza ya Uganda wamekuwa mahabusu, wangoja kesi zao, na sheria yawahesabu kuwa hawana hatia mpaka ithibitike, na sehemu ya juu ya Luzira, iliyojengwa kwa ajili ya watu mia chache, imekuwa ikikaliwa na maelfu, hata fungu la nafasi, la maji na la jiko likawa dogo kwa kila mmoja. Najibu tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba hata kwa mwenye hatia aliyekiri, hakimu alipotamka hukumu alitaja miaka. Hakutaja utapiamlo, wala vidonda vya tumbo, wala meno kulegea. Kila adhabu inayotolewa na jiko juu ya ile iliyotolewa na mahakama ni adhabu isiyo na hakimu, na adhabu isiyo na hakimu ni dhuluma.

Tena ipo hoja ya nne, ambayo inatoka katika maumbile yenyewe ya njaa. Twasema kwamba twawafunga watu ili watubu na kurekebika. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa muda wa miezi sita, kwa ridhaa yao wenyewe, ili yajulikane madhara ya njaa na namna ya kuwatibu waliodhoofishwa na vita. Wote walikuwa watu wa dhamiri, waliokataa kubeba silaha, wengi wao kwa sababu ya dini. Walipoteza yapata robo ya uzito wao. Lakini lililowashangaza watazamaji ni namna fikira zao zilivyopungua upana: mazungumzo juu ya Mungu, elimu na amani yalififia, wakabaki kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani, na baadhi wakawa wakali na wenye huzuni. Ikiwa njaa iliwatenda hivyo watu wema waliojitolea, itamtenda nini yule aliyeingia gerezani akiwa na kinyongo? Wahenga wamesema mwenye njaa hana miiko. Basi anayemnyima mfungwa chakula kisha akamtaka ashike miiko amebomoa kwa mkono mmoja kile anachodai kukijenga kwa mkono wa pili. Toba ni kazi ya akili iliyopata nafasi ya kujitazama, na akili haiipati nafasi hiyo wakati tumbo linaita.

Hapa mtu mcha Mungu ataniuliza juu ya saumu. Je, haikuwa njaa hiyo hiyo iliyowainua mitume na mawalii, na je, Waislamu waliomo Luzira hawafungi Ramadhani, na Wakristo Kwaresima, wakajiona karibu zaidi na Mola wao? Ni kweli, na ndipo ilipo siri ya jambo lote. Tumbo halitambui niya. Mawimbi ya tumbo la mwenye saumu na ya tumbo la aliyenyimwa ni mamoja, na ini humaliza sukari yake kwa muda ule ule. Tofauti imo katika nafsi: mwenye saumu ameifunga riziki yake kwa hiari, anajua kwamba magharibi itaingia, na anajua kwamba futari ipo, njaa yake ina mwanzo aliouchagua na mwisho alioahidiwa. Aliyenyimwa hana kimoja katika hivyo. Ndiyo maana saumu humpa mtu ufalme juu ya nafsi yake, na kunyimwa humpokonya hata ule mdogo aliokuwa nao. Asiwepo basi askari wala ofisa atakayesema kwamba uhaba wa chakula gerezani ni mafunzo ya saumu, kwa kuwa hakuna awezaye kumfungia mwingine saumu.

Ipo njaa ya tatu, ambayo si ya ibada wala ya kunyimwa, nayo ni mgomo wa kula, pale mfungwa anapoirudisha sahani ili apate kusikilizwa. Luzira imeishuhudia karibuni. Dakta Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani, alikamatwa Nairobi mwezi wa Novemba 2024 akafikishwa Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Naye, akiwa angali ameshikiliwa Luzira, aligoma kula mwezi wa Februari, akaonekana mahakamani akiwa amedhoofika sana. Sipimi hapa siasa yake wala mashtaka yake, ambayo yana mahali pake pa kupimwa. Natazama kitendo chenyewe. Mtu aliyenyang'anywa njia, saa, mavazi na mawasiliano amebakiwa na mlango mmoja tu anaoumiliki, nao ni kinywa chake, naye ameufunga.

Je, kitendo hicho ni halali mbele ya Mungu? Dini zetu zafundisha kwamba uhai ni amana hata kwa mwenyewe, wala hana ruhusa ya kuuharibu. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote aende na mgomo wake mpaka mauti, na ningemsihi arejee kabla mwili haujamaliza mafuta na kuzidi kuila misuli, moyo ukiwamo. Lakini amana hiyo hiyo inayomkataza mfungwa kujiua inamkataza mlinzi kumshindilia. Chama cha Madaktari Duniani, katika Azimio la Tokyo la mwaka 1975 na Azimio la Malta la mwaka 1991, kimewakataza madaktari kumlisha kwa nguvu mgomaji mwenye akili timamu aliyefahamishwa hatari yake, nami naona madaktari wamesibu. Mpira unaopitishwa puani kwa mtu aliyeshikwa mikono na miguu hupeleka chakula tumboni, lakini huondoa kile kilichobaki cha utu wake, na kumlisha mtu kwa namna hiyo ni kulichukua tumbo lake kuwa mali. Wajibu wa aliyeshika ufunguo ni mwingine: aipeleke sahani kila saa ya chakula, ikiwa nzuri na safi, hata kama hurudi ilivyokwenda, amweke daktari karibu, kwa kuwa hata kurejea kula baada ya njaa ndefu kuna hatari yake na hutaka utaratibu, na zaidi ya yote, alisikilize neno ambalo mgomaji ameona kwamba halitasikika kwa njia nyingine. Mgomo wa kula ni barua, na barua hujibiwa kwa maneno.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Tumbo la mfungwa ni lake mwenyewe kwa milki, ni la Mungu kwa asili, na ni amana ya yule aliyemfunga kwa ulinzi. Na kwa kuwa serikali hufunga kwa jina la raia wote, amana hiyo inatufikia sote. Hakimu na akumbuke kwamba kila mara anapoahirisha kesi ya mahabusu ameongeza siku za mtu kula kwa mkono wa mwingine. Mkuu wa gereza na asimame jikoni wakati unga unapopimwa, kama Abu Yusuf alivyotahadharisha. Wabunge na waulize, bajeti inaposomwa, ni kiasi gani kimewekwa kwa sahani moja kwa siku moja, wala wasiridhike na jumla kubwa isiyogawika. Na wewe msomaji, uwe wa msikiti au wa kanisa, unayetoa sadaka ya iftari au ya Pasaka, litie gereza lililo karibu nawe katika hesabu ya sadaka yako, uwatembelee waliomo, na uulize wamekula nini. Kwa kuwa aliye nje ana mkono wa kujitafutia, na aliye ndani hana mkono ila wetu.